JM na Siku Tisa za Uvumi

Wahenga walituachia methali kwamba lisemwalo lipo, na ikiwa halipo laja. Tunaipenda sana methali hii kwa sababu inatupa ruhusa ya kusema. Mtu akitoweka mtaani, kabla mkewe hajafika kituo cha polisi, sisi tumekwisha kumpeleka kwa hawara, kwa mganga au ng'ambo. Leo nataka niibishie methali hiyo. Ushahidi wangu ni yale yaliyotupata Nairobi mwezi wa Machi 1975, alipotoweka Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, ambaye kila mtu alimwita JM.

Kwa vijana ambao hawakumjua, JM alitiwa kizuizini na Waingereza wakati wa Hali ya Hatari, na mwaka 1963 kikatoka kitabu chake juu ya maisha hayo. Alikuwa katibu wa Mzee Kenyatta, kisha mbunge, kisha waziri msaidizi. Lakini baada ya uhuru alianza kuuliza hadharani ardhi ilikwenda kwa nani. Alionya kwamba Kenya isije ikawa nchi ya matajiri kumi na maskini milioni kumi. Maneno hayo yalimpa wapenzi wengi vijijini na maadui wachache mjini, ila wachache hao walikuwa na nguvu.

Siku hizo jiji lilikuwa na hofu. Jumamosi tarehe 1 Machi bomu lililipuka ndani ya basi, kwenye kituo kilichoitwa OTC, likaua watu zaidi ya 20. Kesho yake, Jumapili, JM alionekana katika Hoteli ya Hilton, ile iliyofungwa mwishoni mwa 2022. Mashahidi walieleza baadaye kwamba alitoka hapo akiwa pamoja na Ben Gethi, mkuu wa kikosi cha GSU. Nyumbani hakurudi.

Mimi nilikuwa kijana, nikisaidia kwa fundi cherehani mmoja karibu na River Road. Duka la fundi ni baraza; mteja huja na suruali moja na habari tatu. Jumatatu hatukusikia kitu. Katikati ya wiki kila mtu alikuwa na JM wake. Wa kwanza alisema amejificha shambani kwake. Wa pili alisema amevuka mpaka kuingia Tanzania. Wa tatu aliinamisha kichwa, akasema kwa sauti ya chini kwamba huyo hatumwoni tena. Fundi akamwambia anyamaze, kwani hatukujua nani anasikiliza.

Kisha gazeti la Daily Nation likaandika kwamba JM yuko Zambia. Ah, tulipumua! Tulimcheka yule wa tatu. Na hapa, msikilizaji, nina deni ambalo sijalilipa. Siku hiyo nilimwambia mteja mmoja kwamba rafiki yangu alimwona JM uwanja wa ndege akiwa na mkoba mdogo. Sikuwa na rafiki huyo. Mkoba niliutunga mimi, kwa sababu wengine wote walikuwa na la kusema na mimi sikuwa nalo. Jioni mtu mwingine kabisa aliingia dukani akatusimulia habari ya mkoba ule, na rangi yake akaitaja. Fundi aliitikia kwa kichwa. Nami nikaitikia.

Wakati huo wote JM hakuwa mbali nasi. Mchungaji mmoja wa Kimaasai alikuwa ameukuta mwili wake kichakani katika vilima vya Ngong, ukiwa na majeraha ya risasi. Mwanzoni mwa Machi hiyo hiyo ulipelekwa chumba cha maiti cha jiji, ukalala humo kama mwili wa mtu asiyejulikana. Tarehe 11 Machi wake zake walifika hapo wakamtambua. Kutoka dukani kwetu ungeweza kwenda kwa miguu, ukafika kabla jasho halijakauka. Sisi tulikuwa tukimtafuta Lusaka.

Mji ulichemka. Wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana. Bunge liliunda Kamati Teule chini ya Elijah Mwangale, na tarehe 3 Juni ripoti yake ikawekwa mezani. Inajulikana kwamba majina mawili ya watu wa karibu na Ikulu yaliondolewa kabla ya ripoti kusomwa. Hata hivyo ilisema wazi kwamba polisi walijaribu kuficha ukweli. Serikali haikutaka Bunge liikubali ripoti hiyo, lakini wabunge waliikubali kwa kura 62 dhidi ya 59. Waziri Masinde Muliro na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu, waliopiga kura pamoja na wengi hao, walifukuzwa kazi. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa kumwua JM.

Sasa turudi kwenye methali. Lisemwalo lipo? Zambia ilisemwa, tena kwa herufi kubwa, na JM hakuwako Zambia. Lililokuwapo ndilo halikusemwa. Nimefikiri miaka mingi nikaona uvumi ni wa aina mbili. Upo unaozaliwa na hofu, kama wa yule mteja wa tatu. Huo huotea ukweli kwa sababu wakubwa wamenyamaza na watu hawana pa kuuliza. Na upo unaopikwa na mwenye jambo la kuficha. Ukiingia sikioni huwezi kuutofautisha na ule wa kwanza. Mpishi wake hahitaji hata kutuamuru. Anahitaji tu vijana kama mimi, wenye mikoba ya kubuni, ili uongo wake mmoja upotee ndani ya uongo wetu mia.

Yalijirudia Februari 1990, Dakta Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje, alipotoweka nyumbani kwake Koru na maiti yake ikapatikana kilima cha Got Alila. Polisi walianza kwa kudokeza kwamba alijiua. Wananchi walikataa, na wapelelezi wa Scotland Yard chini ya John Troon nao walisema aliuawa. Lakini kati ya kukataa na kujua pana bonde, na bonde hilo tumelijaza hadithi miaka yote hii. Huko nako hakuna aliyepatikana na hatia.

Sisemi watu wafunge midomo. Kunyamaza ndiko kulikomlaza JM bila jina. Nasema mtu akitoweka, seme aliyemwona: siku gani, saa ngapi, na nani. Asiyemwona aulize hospitalini, kituoni na mochari, tena aulize kwa sauti, ili wenye mamlaka wajibu. Na kama huna ulichokiona wala huna wa kumwuliza, basi shona suruali ya watu.

Fundi wangu alifariki zamani. Sikupata kumwambia kwamba mkoba ule ulikuwa wangu. Nimewaambia ninyi. Hadi juma lijalo, kwaherini.