Kapenguria: Ufunguo Ulibaki kwa Nani?

Ndugu msomaji, mtajie kijana yeyote wa leo jela ya kisiasa, na haraka haraka atakujibu: Robben Island, Mandela. Si vibaya. Lakini sisi watu wa Afrika Mashariki tunayo ya kwetu, ng'ambo ya mpaka tu, na wengi hatuijui hata kwa jina. Ipo Kapenguria, mji mdogo wa Pokot Magharibi, kaskazini ya Kitale, nchini Kenya. Mimi ni mtoto wa Magoma, Korogwe, kwenye nchi ya mkonge, na sina udugu na mtu yeyote wa kule. Naandika habari zake kwa sababu sisi tunaojifunza kuandika tunapenda mno hadithi inayoishia pale mfungwa anapofunguliwa mlango. Bendera inapanda, watu wanapiga vigelegele, mwisho! Kapenguria inakataa mwisho wa namna hiyo.

Tuanze na mwanzo. Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana wa Kenya, Evelyn Baring, alitangaza hali ya hatari. Usiku ule ule polisi waligonga milango na kuwazoa wanasiasa. Kati yao wakachaguliwa sita wa kushitakiwa kwamba ndio waliokuwa wakiongoza Mau Mau: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Kung'u Karumba na Achieng' Oneko.

Kwa nini wapelekwe Kapenguria, na Nairobi mahakama zipo? Jibu ni rahisi. Kapenguria reli haikufika, hoteli haikuwapo, na eneo lile lilikuwa limefungwa, huingii bila kibali. Mkoloni alitaka kesi isikike kwa mbali, kama ngoma ya kijiji cha pili. Mahakama yenyewe ilikuwa chumba cha shule. Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji aliyekwisha kustaafu, na baadaye ilikuja kujulikana kwamba serikali ilimlipa pauni 20,000. Pauni 20,000 za miaka ile! Hiyo si takrima, bwana, hiyo ni bei.

Lakini mbali hakukusaidia. Mawakili walikuja kutoka pande zote. D. N. Pritt alitoka Uingereza akawa kiongozi wao. Chaman Lall alitoka India, na H. O. Davies Nigeria. Na yuko mmoja ambaye sisi wa huku tungepaswa kumkumbuka zaidi: Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya kazi ya uwakili Moshi, kwenye reli hii hii yetu inayotoka Tanga na kupita Korogwe. Kwa hiyo hata Tanganyika ilikuwa na mtu wake katika chumba kile cha shule.

Tarehe 8 Aprili 1953 hukumu ikatoka: miaka saba na kazi ngumu kwa wote sita. Shahidi mkubwa dhidi ya Kenyatta alikuwa Rawson Macharia. Mwaka 1958 huyu bwana aliapa kwa maandishi kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo na alihongwa ili autoe. Kumbe aliyefungwa safari hii alikuwa ni yeye! Wakoloni walimshitaki kwa kiapo hicho cha 1958, si kwa maneno aliyoyasema Kapenguria. Oneko naye alishinda rufani mnamo Januari 1954. Je, alirudi nyumbani? Wapi! Alitoka mlango wa jela akaingia mlango wa kizuizini, akakaa huko miaka mingine. Sheria ya hali ya hatari haikuhitaji kosa.

Hayo ndiyo yanayokumbukwa pale. Mwaka 1993 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaliligeuza gereza lile kuwa makumbusho. Nilifika huko nikiwa na mjomba wangu aliyekuwa na shughuli zake Kitale. Ukiingia unakuta picha na nyaraka za wale sita katika vyumba vile vile walimofungwa, maktaba ya kumbukumbu ya wapigania uhuru, na vyombo vya jadi vya Wapokot na Wacherangani. Kusimama ndani ya chumba cha mfungwa si mchezo. Unajikuta unanong'ona bila kuambiwa na mtu.

Niliporudi Magoma nikamsimulia mzee mmoja jirani yetu, aliyekuja zamani kama manamba wa mkonge. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatema tumbaku, akasema: "Sawa, mjukuu wangu. Sasa hao sita walipotoka, ile jela waliifanya nini?"

Nikamjibu, "Babu, imekuwa makumbusho."

"Hiyo moja," akasema. "Nakuuliza hizo nyingine."

Swali la mzee yule ndilo lililonikalisha chini kuandika. Maana majibu yake yamo katika historia, wala hayajafichwa.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Kenyatta akawa Waziri Mkuu, na mwaka uliofuata Rais. Kaggia alipewa nafasi serikalini, lakini hakunyamaza juu ya watu waliopigania ardhi na kubaki bila ardhi. Alitoka serikalini mwaka 1964. Mwaka 1965, katika mkutano wa hadhara Kandara, Kenyatta alimlinganisha mbele ya watu na wafungwa wenzao wa Kapenguria waliokwisha kujijengea mali, kisha akamuuliza yeye amejifanyia nini. Hebu fikiri: chumba kimoja cha mahakama, hukumu moja, na miaka kumi na miwili tu baadaye mmoja anamcheka mwenzake kwa umaskini! Mwaka 1968 Kaggia alifungwa miezi sita kwa kosa la kuhutubia mkutano usio na kibali. Safari hii jela haikuwa ya mkoloni.

Na Oneko? Alikuwa Waziri wa Habari mpaka 1966, alipojiuzulu na kumfuata Oginga Odinga katika chama cha KPU. Mwaka 1969 aliwekwa kizuizini na serikali ya mfungwa mwenzake. Alitoka 1975. Hebu hesabu mwenyewe: mtu mmoja, vizuizini viwili, bendera mbili. Hakuna mtunzi ambaye angethubutu kubuni jambo hilo, wasomaji wangesema ametia chumvi.

Na kwa sisi wenye kalamu yapo makali zaidi. Mwaka 1969 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, alihukumiwa miaka mitatu kwa sababu ya kijikaratasi alichokiita "Kenya: Twendapi?" Gerezani aliandika mashairi kwenye karatasi za msalani. Yakatoka kitabu mwaka 1973, Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 kitabu hicho kikapata tuzo ya fasihi. Jina la tuzo? Tuzo ya Jomo Kenyatta. Cheka au lia, chagua mwenyewe.

Lakini tusiwacheke jirani, mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Hapa kwetu mwaka 1962, uhuru haujatimiza hata miaka miwili, ilitungwa sheria ya kumwezesha Rais kumweka mtu kizuizini bila kesi. Bibi Titi Mohamed, aliyewakusanya akina mama wa TANU tangu 1955, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini mwaka 1971, akaachiwa 1972. Leo Dar es Salaam ina barabara yenye jina lake. Daladala zinapita, makondakta wanalitaja jina, na kibao cha barabara hakisemi chochote kuhusu lupango.

Sisemi Kapenguria ifungwe, la hasha! Wale sita waliteswa kweli kweli, na vyumba vile ni haki yao. Ninachosema ni kwamba kumbukumbu inayosimama mwaka 1963 inatufundisha kumwogopa mwenye ufunguo mgeni peke yake. Kaggia na Oneko wanatufundisha kuutazama ufunguo wenyewe, awe ameushika nani.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwandishi chipukizi, ukiandika riwaya ya mfungwa, usiweke nukta anapotoka nje. Mfuate mpaka ofisini kwake. Mtazame anapoketi kitini, anapofungua mtoto wa meza, na useme bila woga amekuta nini humo ndani na ameamua kukifanyia nini.