Pompi za pumu kwa watu wazima
Katika makanisa yetu wengi wenye pumu wanategemea salbutamoli peke yake, pompi ambayo mara nyingi ni ya buluu. Inafungua kifua kwa dakika chache, lakini baada ya saa 4 hadi 6 nguvu yake inaisha, na uvimbe wa njia za hewa unabaki. Beklometasoni ndiyo inayotuliza uvimbe huo: inavutwa kila siku, hata unapojisikia mzima (tusiite hilo upungufu wa imani), kisha unasukutua kinywa. Budesonidi pamoja na formoteroli inafanya kazi zote mbili. Pompi ya unga inavutwa kwa nguvu. Ya kupuliza, polepole. Ukihitaji ya buluu zaidi ya mara 2 kwa juma, rudi kituo cha afya.