Mtoto wako akiombwa kushiriki utafiti hospitalini

Mama au mlezi, katika hospitali za kufundishia, kama Mulago ya Kampala, matibabu na utafiti huenda pamoja. Mwaka 2011, utafiti uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania ulionyesha kuwa watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu walikufa zaidi walipopewa maji mengi ya dripu kwa haraka. Wagonjwa wa kuharisha hawakuhusishwa. Bila wazazi kukubali, tusingejua.

Hata hivyo, kushiriki ni hiari. Kabla ya kusaini, uliza:

- Mnatafuta kujua nini?
- Mwanangu atafanyiwa nini?
- Kuna hatari gani?
- Nikiwa na wasiwasi, nimpigie nani?

Usomewe fomu kwa lugha unayoielewa. Ukikataa, au ukimtoa baadaye, mtoto bado ana haki ya matibabu yake ya kawaida.