Doha mara mbili: mita 800 za wanawake, 2019

Wenzetu, msimu huu watu wa hapa Kampala wanaukumbuka kwa dhahabu. Sisi tunaanza nyuma kidogo.

Tarehe 3 Mei 2019, mjini Doha, Caster Semenya wa Afrika Kusini alishinda kwa 1:54.98. Wa pili alikuwa Francine Niyonsaba wa Burundi, yule wa medali ya fedha ya Rio 2016. Siku tano tu baadaye sheria mpya ya riadha ikaanza: wanawake wenye maumbile fulani, ambao testosteroni yao ya kuzaliwa imepita kiwango, wasikimbie mita 400 hadi maili moja mpaka waishushe. Semenya alikuwa ameshapinga mahakamani, akashindwa. Niyonsaba naye akabaki nje.

Tarehe 30 Septemba, Doha ile ile, fainali ya dunia. Halimah Nakaayi wa Uganda akampita Ajee' Wilson wa Marekani mwishoni kabisa: 1:58.04, rekodi ya taifa. Winnie Nanyondo akawa wa nne, na wote wawili wakacheza ngoma uwanjani. Raha kweli!

Nakaayi hakumkosea mtu, tuelewane. Lakini kikundini kwetu kuna dada Warundi, na wakiiangalia video ile wanamtafuta mtu ambaye hayupo. Kubadilishiwa masharti ukiwa tayari kwenye foleni, sisi watu wa makaratasi tunakujua.

Niyonsaba akahamia mbio ndefu. Septemba 2021, mjini Zagreb, akavunja rekodi ya dunia ya mita 2000: 5:21.56. Machi 2023 sheria ikapanuliwa, ikafika na huko.