Hatua za kimazingira katika sera ya biashara na uwekezaji ya Tanzania

Hatua za kimazingira katika sera ya biashara na uwekezaji ya Tanzania ni marufuku, vibali, kodi, viwango na masharti ya mikataba vinavyolenga kulinda ardhi, maji, misitu, wanyamapori na afya ya watu pale bidhaa zinapovuka mpaka au mtaji unapoingia nchini. Hazikukusanywa katika sheria moja. Nyingine zimo katika sheria za forodha, nyingine katika sheria za misitu, madini na wanyamapori, na nyingine zilianza kama tamko la serikali ndipo kanuni zikafuata.

Mhimili wake ni Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004. Sheria hiyo iliongeza meno ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC), ambalo lilikuwapo tangu sheria ya mwaka 1983 lakini kwa miaka mingi likabaki chombo cha kutoa ushauri. Kwa upande wa biashara ya nje, nchi inabanwa na kanuni za Shirika la Biashara Duniani. Ibara ya 20 ya mkataba mkuu wa ushuru na biashara inaruhusu kuzuia bidhaa ili kulinda uhai wa watu, wanyama na mimea au kuhifadhi maliasili zinazoweza kwisha, ila zuio lisibague nchi na lisiwe kisingizio cha kulinda viwanda vya ndani.

Orodha inayogusa bandari na mipaka kila siku ni ya Afrika Mashariki nzima. Viambatisho vya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 vinakataza kuingiza taka za sumu na matairi yaliyotumika ya magari madogo, na vinataka kibali kwa gesi zinazoharibu tabaka la ozoni. Kwa bidhaa zinazotoka, vinadhibiti mbao za miti iliyoota katika nchi wanachama, mkaa, na sangara na sato wabichi wasiosindikwa. Vipengele hivyo vya usafirishaji vinaonyesha jinsi hoja mbili zilivyosukwa pamoja: kulinda msitu na ziwa, na kubakiza kazi ya kusindika nyumbani. Kwa magari ya mitumba nchi zimeachana njia. Kenya hairuhusu gari lililopita miaka 8 tangu kutengenezwa, ilhali Tanzania huliruhusu na kulitoza ushuru wa bidhaa wa ziada kadiri linavyozeeka. Njia ya Tanzania huingiza fedha hazina, lakini moshi wa gari kuukuu haupungui kwa kuwa mwenye gari amelipa.

Magogo ndiyo mfano unaofundisha kuliko yote. Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilipofunguliwa mwaka 2003, misitu ya Lindi na Mtwara, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mbali na soko, ikawa karibu ghafla. Uvunaji ulipaa. Uchunguzi wa TRAFFIC, mtandao unaofuatilia biashara ya wanyamapori na mimea, uliochapishwa mwaka 2007 ulikadiria kwamba hadi asilimia 96 ya mapato ya serikali yaliyopaswa kutokana na mbao hizo yalipotea, na kwamba takwimu za forodha za China kwa mwaka 2005 zilionyesha mbao kutoka Tanzania mara 10 ya zile ambazo Tanzania yenyewe iliandika kuwa imeziuza huko. Zuio la kusafirisha magogo lilikuwapo kwenye karatasi. Kilichokosekana ni mtu wa kuhesabu shehena getini bila kuuza saini yake. Hapo pia muundo wa Muungano una uzito wake, kwa sababu ushuru wa forodha ni jambo la Muungano, lakini misitu na mazingira si ya Muungano, na Zanzibar ina sheria zake. Gogo lililokataliwa Bara likivuka kwa jahazi huingia chini ya mamlaka nyingine. Azimio la Zanzibar la mwaka 2015 kuhusu biashara haramu ya mbao, ambalo Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na Madagaska zililiridhia, lilitambua kwamba shehena hizi haziwezi kukamatwa na nchi moja peke yake.

Kwa pembe za ndovu msimamo umebadilika sana. Mwaka 2010, katika mkutano wa CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, uliofanyika Doha, Tanzania iliomba iuze akiba yake ya pembe na ikakataliwa. Sensa zilizofuata zilionyesha idadi ya tembo imeshuka kutoka takriban 109,000 mwaka 2009 hadi takriban 43,000 mwaka 2014. Baada ya takwimu hizo, hoja ya kuuza akiba haikuwa na pa kusimama.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ndiyo hatua ambayo wananchi wengi wameigusa kwa mikono yao. Zanzibar ilitangulia mwaka 2006. Bara ilianza na pombe za viroba, zilizopigwa marufuku Machi 2017, na tarehe 1 Juni 2019 ikakataza kuingiza, kusafirisha nje, kutengeneza, kuuza, kuhifadhi na kutumia mifuko ya kubebea bidhaa, ile iliyozoeleka kwa jina la rambo. Anayekutwa nayo anaweza kutozwa faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, na kwa mtengenezaji au mwingizaji adhabu inaweza kufika shilingi bilioni 1. Vifungashio vya dawa, vyakula vya viwandani, kilimo na ujenzi viliachwa nje, na mwanya ulipatikana humo humo: wachuuzi waligeuza vifungashio vyepesi visivyo na mishikio kuwa vibebeo, hata mwaka 2021 serikali ikalazimika kutoa agizo jingine. Hata hivyo rambo limetoweka karibu kabisa sokoni, na hayo ni mafanikio makubwa. Rwanda ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2008 na Kenya mwaka 2017, kwa hiyo mfanyabiashara hakuwa na majirani wengi wa kukimbilia.

Katika uwekezaji, silaha kuu ni cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira. Miradi iliyotajwa na sheria haipaswi kuanza bila cheti hicho, hata kama mwekezaji ameshapata leseni ya madini au kibali cha kiwanda. Uzito wake ulijaribiwa Ziwa Natron, ambako Tata Chemicals ya India na Shirika la Maendeleo la Taifa walipanga kuchimba magadi kiasi cha tani 500,000 kwa mwaka. Natron ndiyo mazalia makuu ya heroe wadogo duniani. Tathmini iliyowasilishwa mwaka 2007 ilipingwa vikali, na kampuni ikajiondoa mwaka 2008. Kwa migodi ambayo tayari inafanya kazi, adhabu huja baada ya madhara. Mwaka 2019 NEMC iliutoza mgodi wa North Mara, Tarime, faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa kuvuja kwa bwawa la topesumu, kisha ikazuia bwawa hilo lisitumike. Malalamiko ya wakazi kuhusu maji ya mto Tigithe yalikuwa yamesikika tangu mwaka 2009. Miaka 10 ni mirefu mno kwa anayechota maji mtoni.

Mikataba ya kulinda uwekezaji imebaki nyuma ya sheria za ndani. Ule wa mwaka 1994 na Uingereza ulimlinda mwekezaji bila kugusa mazingira. Ule wa Canada wa mwaka 2013 unasema haifai kuvutia mitaji kwa kulegeza kanuni za afya, usalama au mazingira, lakini nchi ikifanya hivyo, kinachofuata ni mashauriano tu. Ni kifungu dhaifu, ingawa ni bora kuliko ukimya.

Sasa masharti yanatoka pia kwa wanunuzi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023, ambayo kuanza kwake kumesogezwa, inakataa kahawa, kakao na mbao zilizotoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020, na inataka kila shamba lijulikane mahali lilipo kwa vipimo vya ramani. Kahawa ya Kagera, Kilimanjaro na Mbinga hutoka kwa wakulima wadogo, wengi wakiwa na miti iliyochanganywa na migomba kwenye vishamba vya urithi visivyo na hati. Msitu wengi wao hawajaufyeka. Ushahidi ndio hawana, na gharama ya kuupata inaangukia vyama vya ushirika.