Mahaba Juu ya Pazia Jeupe: Kutoka Mito ya Ufaransa Hadi Machakos

Katika mwaka 1934 yalitokea Ufaransa mambo mawili ambayo, ijapokuwa hayakuwa na uhusiano wowote baina yao, yeyote aandikaye tarikhi ya filamu za mapenzi katika nchi zetu hana budi kuyaweka bega kwa bega. La kwanza ni kwamba kijana Jean Vigo, aliyekuwa mgonjwa wa kifua kikuu na umri wake haujafika miaka thelathini, alikamilisha filamu iitwayo L'Atalante, ihusuyo msichana wa kijijini aliyeolewa na nahodha wa tishari la mizigo. La pili ni kwamba Pierre Laval, Waziri wa Makoloni, alitoa amri ya kukataza mtu yeyote kupiga filamu katika makoloni ya Kifaransa ya Afrika bila ya idhini ya serikali na bila ya hadithi yenyewe kukaguliwa kwanza.

Kisa cha L'Atalante si kirefu. Juliette, ambaye hajapata kutoka kijijini kwao, anafunga ndoa na Jean, na angali katika mavazi ya arusi anapandishwa tishari na kuanza maisha mapya katika chumba chembamba, pamoja na baharia mzee aitwaye Jules, mwenye paka wengi na vitu vya ajabu alivyovikusanya katika safari zake za duniani. Bibi arusi ana hamu kubwa ya kuiona Paris, ambayo huisikia katika redio. Mume ana wivu, na kazi yake haimwachii nafasi ya kumsikiliza mkewe. Na baada ya ugomvi mke anatoroka kwenda kuutazama mji, naye mume kwa hasira anaondoa chombo na kumwacha huko. Hapo ndipo kila mmoja anapoanza kujifunza. Juliette anaibiwa mkoba na kuuonja ukali wa mji usiomjua mtu. Na Jean, aliyewahi kuambiwa na mkewe kwamba afumbuaye macho ndani ya maji humwona ampendaye, anajitupa mtoni akitafuta sura yake. Mzee Jules, aliyedhaniwa kuwa ni mlevi asiye na maana, ndiye anayekwenda kumtafuta mwanamke yule na kumrejesha.

Filamu hiyo inachekesha na kuliza kwa zamu, wala haina mtu mwovu wala waadhi wa mwisho, na ubora wake ni kwamba yaamini kuwa watu wawili wa kawaida, wasio na mali wala cheo, wanastahili kutazamwa kwa makini wakijifunza kuishi pamoja. Wenye kuisambaza hawakuiona hivyo: waliikata vipande, wakatia humo wimbo uliokuwa ukipendwa wakati ule, wakaibadilisha hata jina, na Vigo akafariki tarehe 5 Oktoba mwaka huo huo, akiwa na miaka 29. Mpaka mwaka 1990 ndipo iliporudishwa karibu na hali aliyoikusudia.

Sasa tutazame kwetu. Mwaka 1935, katika Vugiri, milimani Usambara, Waingereza wakiongozwa na Meja L. A. Notcutt walianzisha mradi wa kuwapigia Waafrika filamu, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani, na hadi mwaka 1937 walikuwa wamekwisha kutengeneza filamu zipatazo 35, zilizochukuliwa kwa lori na kuonyeshwa Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi za kusini yake. Nazo zilihusu nini? Zilihusu safura, na kodi, na faida ya kuweka akiba katika posta. Sikatai kwamba safura ni maradhi mabaya, na kwamba elimu ile iliwafaa watu. Lakini katika fikira za watawala, Mwafrika aliyeketi mbele ya pazia alikuwa mwanafunzi wa kufundishwa, si mtu mwenye moyo wa kupendezwa. Baadaye William Sellers, aliyeongoza Idara ya Filamu za Makoloni iliyoundwa mwaka 1939, alishikilia kwamba watazamaji wa Kiafrika waonyeshwe mambo polepole na kwa picha sahali, kwa kuwa, kwa rai yake, hawangeweza kufuata filamu za kawaida. Rai hiyo ilikuwa dhuluma, na athari yake ilidumu muda mrefu.

Sisi wa Machakos tuna sababu yetu ya kuikumbuka miaka ile. Mwaka 1938 serikali ilipokamata ng'ombe wa Wakamba kwa hoja ya kuuhifadhi udongo, wanaume, wanawake na watoto waliondoka kwao wakafululiza mpaka Nairobi, wakapiga kambi kudai haki yao, chini ya uongozi wa Muindi Mbingu, ambaye hatimaye alihamishiwa Lamu. Waliotoa amri ile waliona mifugo mingi mno juu ya ardhi iliyochoka. Hawakuona kwamba mifugo hiyo ndiyo iliyokuwa mahari za vijana, na kwamba katika Ukamba mahaba hayawi ndoa mpaka mbuzi wa ntheo wafike kwa wazazi wa msichana, desturi ambayo mahakama za Kenya zingali zikiiuliza hata leo pindi watu wanapobishana nani alikuwa mke wa marehemu. Katika mambo yale ya ng'ombe mlikuwamo hadithi za mapenzi tele, na hapakuwa na mwenye kamera aliyezitafuta.

Watu hawakungoja waruhusiwe. Pale majumba ya sinema yalipofika, Unguja, Dar es Salaam na miji mingine ya pwani, walikwenda kuyatafuta mahaba katika filamu za Kihindi, na Awara ya Raj Kapoor, iliyotoka mwaka 1951, iliwafanya vijana wajadiliane na wazee wao juu ya kuchaguliana mchumba. Basi ikawa mpenzi wa kwanza wa pazia letu ni Mhindi, naye Mwafrika akabaki mtazamaji.

Uhuru ulipopatikana, Ufaransa, ile ile ya amri ya Laval, ilifungua mwaka 1963 ofisi ya kuwasaidia watengenezaji filamu wa makoloni yake ya zamani. Uingereza haikuacha kwetu kitu kama hicho, na kwa maoni yangu hii ni sababu kubwa ya Kenya kuchelewa. Ilibidi tungoje hadi mwaka 1986, Sao Gamba alipotoa Kolormask, ihusuyo ndoa ya Mkenya arejeaye nyumbani na mke Mzungu. Hata hivyo iliyoujaza moyo wangu zaidi ni Saikati ya Anne Mungai, ya mwaka 1992, iliyotengenezwa kwa mchango wa Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Nairobi. Saikati ni binti wa Kimaasai atakaye kusoma awe daktari, ilhali jamaa zake wamekwisha kumwahidi mtoto wa chifu. Anakimbilia Nairobi pamoja na binamu yake Monica, na huko anagundua kuwa Monica hujipatia riziki kwa kuuza mwili wake. Msichana huyu, kama Juliette, ameutamani mji na mji umemwonyesha uso wake wa pili. Na kama Juliette anarudi, ila yeye harudi kwa mume, anarudi akiwa ameijua nafsi yake. Bi Mungai hamtukani Monica, wala haupambi mji, wala hawafanyi wazee wa kijijini kuwa mashetani. Ni filamu ya mtu anayekua.

Kutoka hapo mlango umefunguka, japo si wote. Subira ya Ravneet Chadha, ya mwaka 2018, yamfuata binti wa Lamu apendaye kuogelea baharini, anayeozwa na kupelekwa Nairobi. Na mwaka huo huo Rafiki ya Wanuri Kahiu, ihusuyo mapenzi ya wasichana wawili, ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa rasmi katika tamasha la Cannes, huko huko Ufaransa, wakati nyumbani imekwisha kupigwa marufuku, mpaka Mahakama Kuu ilipoiruhusu kwa siku 7 tu mwezi wa Septemba. Mtu aweza kuipenda au kuichukia hadithi hiyo. Lakini neno la idhini, kama lile lililotiwa sahihi na Laval, lingali likizunguka juu ya vichwa vya wasanii wetu.

Machakos nayo ilijaribu. Gavana wa kwanza wa kaunti yetu, Alfred Mutua, ambaye kabla ya siasa alitengeneza tamthilia za televisheni kama Beba Beba na Cobra Squad, alianzisha mpango ulioitwa Machawood, kwa nia ya kuifanya kaunti kuwa makao ya filamu na kuwapa vijana kazi. Nia ilikuwa njema, na jina lilivuma. Ila jina na mandhari havitoshi pasi na hadithi. Milima ya Iveti na Mua haitakosa kupendeza katika picha, lakini chini ya milima hiyo wako wake ambao waume zao hufanya kazi Nairobi na kurudi mwisho wa mwezi, na wako vijana wasioweza kupata mbuzi wa ntheo ingawa wamekwisha kuzaa pamoja, na wako wazee wajane wanaotaka kuoa tena na watoto wao hawataki.

Kwa hiyo nawasihi wakubwa wa kaunti, msihesabu filamu kwa wingi wa wageni wanaokuja kupiga picha za milima. Tengeni fedha, hata kama ni kidogo, kwa waandishi chipukizi wa hapa waziandike hadithi za nyumba zetu, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, na zionyeshwe bure katika kumbi za Kangundo, Mwala, Masinga na Yatta kabla ya kupelekwa kwingineko. Nanyi vijana, Vigo hakuwa na zaidi ya tishari moja, watu wachache na afya mbovu. Anzeni.