Lori linapochemsha njiani: soma dalili kabla ya kufungua injini

Injini ya dizeli inayochemsha ni miongoni mwa hitilafu zinazowagharimu sana wasafirishaji wa mizigo kati ya bandari za Dar es Salaam na Mombasa na nchi jirani. Hasara yake haiishii kwenye spea. Dereva analala njiani, mteja anasubiri, na shehena ya transiti iliyofungwa lakiri haiwezi kuhamishiwa gari jingine bila idhini ya maofisa wa forodha.

Kuna hasara nyingine inayoweza kuepukika, nayo ni kufungua injini bila sababu. Gari likichemsha, wapo mafundi wanaokimbilia kufungua silinda hedi, wakati tatizo ni mkanda wa feni uliolegea au rejeta iliyojaa vumbi. Swali la kwanza la kumuuliza dereva ni hili: gari limechemsha wapi, na lilikuwa likifanya kazi gani? Jibu lake huonyesha pa kuanzia.

Hatua za kwanza barabarani

Geji ya temprecha ikianza kupanda kupita kawaida, dereva apunguze mafuta, azime kiyoyozi na afungue hita ya kebini hadi mwisho, kwani hita huondoa sehemu ya joto kwenye maji ya injini. Kisha atafute mahali salama pa kusimama.

Kama maji hayajavuja na presha ya oili iko sawa, injini iachwe ikiunguruma taratibu kwa dakika chache ili turbo ipoe kabla ya kuzimwa. Kama maji yamemwagika, izimwe mara moja. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe mpaka injini ipoe, na hiyo huchukua nusu saa au zaidi. Maji ya baridi yakimwagwa kwenye injini yenye moto mkali, hedi inaweza kupasuka.

Geji iliyopanda kisha ikashuka ghafla si habari njema. Maji yakiisha, kisoma joto hubaki kwenye hewa au mvuke na huweza kuonyesha joto dogo wakati injini inaungua.

Likichemsha mlimani

Gari linalokwenda vizuri tambarare lakini likachemsha likiwa na mzigo kwenye Kitonga au Sekenke lina upungufu wa uwezo wa kupoza. Injini ya dizeli huzalisha joto kadiri inavyochomewa mafuta, kwa hiyo mlima na mzigo hufichua udhaifu usioonekana kwingineko.

Anza na rejeta kwa nje. Kwenye malori mengi intakula hukaa mbele ya rejeta, na uchafu hujificha katikati ya hivyo viwili, mahali ambapo mtu akitazama kwa mbele haoni kitu. Oshea kwa maji yasiyo na presha kubwa, kutoka upande wa injini kuelekea nje, ili mapezi yasilale. Nje kukiwa safi, shuku kutu na chokaa ndani ya rejeta, au themostati isiyofunguka yote. Mpira wa juu ukiwa moto sana na wa chini ukabaki wa baridi, maji hayazunguki vizuri.

Mwinuko nao una mchango wake. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 usawa wa bahari, lakini Timboroa, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,700 katika njia ya Nairobi kwenda Malaba, maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 91. Kinachozuia hali hiyo ndani ya injini ni presha inayoshikiliwa na mfuniko. Gari lenye mfuniko uliochoka linaweza kutoka Mombasa salama na kuchemsha huko juu. Mfuniko ni spea ya bei ndogo, na ni busara kuujaribu au kuubadilisha kabla ya kugusa kitu kikubwa.

Likichemsha kwenye foleni

Injini ya dizeli inayounguruma bila mzigo hutoa joto kidogo. Ikichemsha imesimama kwenye foleni ya Tunduma au Malaba, kisha ikapoa gari likianza kutembea, tatizo ni upepo: gari likitembea, upepo wa barabarani hufanya kazi ya feni. Kagua mkanda wa feni, klachi ya feni na kava inayoelekeza upepo kwenye rejeta. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, feni yenye klachi ya mafuta isizunguke kirahisi kama iliyolegea.

Likichemsha kwenye mteremko

Hili huwashangaza madereva wengi. Malori yenye ritada ya mafuta hupeleka joto la kufunga breki kwenye maji ya injini. Dereva akishuka kwa gia kubwa na mzunguko mdogo, pampu ya maji na feni huzunguka polepole wakati joto linamiminika. Dawa ni gia ndogo na mzunguko wa juu, bila kuvuka kiwango cha mtengenezaji.

Mapovu: si lazima iwe gasketi

Gari linalochemsha popote, linalopunguza maji bila kuvuja nje, au ambalo mipira yake ya maji bado ni migumu kwa presha asubuhi baada ya kulala, huenda linaingiza gesi kwenye maji. Washa injini ikiwa ya baridi, mfuniko ukiwa wazi, kisha tazama. Mapovu mfululizo yanayoongezeka ukikanyaga mafuta huashiria gasketi ya silinda hedi, au hedi iliyopasuka. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe usioisha injini ikishapata moto, huongeza ushahidi.

Lakini lori lina mtuhumiwa wa pili. Kompresa ya upepo wa breki hupozwa kwa maji ya injini kwenye malori mengi, na gasketi yake ikikatika huingiza upepo kwenye maji kwa dalili zinazofanana. Weka vizuizi kwenye matairi, mwaga upepo wote wa matangi, kisha washa injini. Mapovu yakitoka wakati upepo unajazwa na yakakoma matangi yanapojaa na kompresa kuacha kusukuma, mshuku kompresa kwanza. Kuitengeneza ni kazi ndogo kuliko kufungua hedi.

Akiba inayozaa hasara

Kung'oa themostati ni desturi iliyozoeleka. Bila kifaa hicho injini hukaa baridi mno, hula mafuta zaidi na silinda huchakaa. Kwenye injini ambazo themostati pia huziba njia ya mkato, maji hurudi kwenye injini bila kupita rejeta, na mlimani joto huzidi. Kabla ya kuitupa, ichemshe kwenye sufuria yenye kipimajoto: inapaswa kuanza kufunguka karibu na nyuzi zilizoandikwa juu yake.

Maji matupu ya bomba au kisima nayo huacha chokaa na kutu. Kwenye injini zenye laina zinazoguswa na maji, kulanti yenye dawa sahihi huzuia laina kutobolewa vidogo vidogo na mapovu ya mtetemo.

Utaratibu wa ukaguzi

Mwenye gari amtake fundi afuate mpangilio huu, kuanzia kisicho na gharama:

1. Kiasi cha maji na alama za kuvuja.
2. Mfuniko, mipira na vibano vyake.
3. Mkanda, klachi ya feni na kava.
4. Usafi wa rejeta na intakula.
5. Themostati.
6. Pampu ya maji: kuvuja, mlio na mchezo wa shafti.
7. Kipimo cha mapovu, kompresa ikianza.
8. Silinda hedi, baada ya yote hayo.

Kwa msafirishaji mwenye magari kadhaa, daftari la kila safari linalotaja mahali gari lilipochemsha, uzito wa mzigo na maji yaliyoongezwa litamsaidia fundi kujua pa kuanzia. Lita mbili za maji zinazoongezwa kila safari bila mtu kuuliza zinakwenda wapi ni onyo linalotangulia injini kufa.